Mtekaji yuko dirishani, mbona polisi hawafyatui?

SWALI: Kila utekaji ukionyeshwa kwenye runinga, naona polisi wamelala juu ya paa na bunduki zenye darubini, na mtekaji anapita dirishani mara tatu, mara nne. Mbona hawammalizi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kwa sababu anayeonekana mara nyingi hayuko peke yake. Wakiwa wanne, kumwangusha mmoja ni kuwaambia watatu waanze kuua. Ndiyo maana hutakiwa walenga shabaha wawili kwa kila mtekaji, wote wenye redio, wafyatue kwa amri moja.

Usiku wa Septemba 5, 1972, polisi wa Ujerumani Magharibi walipeleka walengaji watano tu kwenye uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck, karibu na Munich, kuwaokoa wanamichezo tisa wa Israeli. Watekaji walikuwa wanane. Idadi hiyo ilijulikana mateka walipotolewa kwenye basi kuingizwa kwenye helikopta, lakini walengaji hawakuambiwa. Hawakuwa na redio. Bunduki zao hazikuwa na darubini wala kifaa cha kuonea gizani, na mmoja wao alilazwa upande wa pili wa helikopta, mbele ya mitutu ya wenzake! Risasi za kwanza ziliwaacha watekaji kadhaa hai, na mateka walikuwa wamefungwa kamba ndani ya helikopta. Wote tisa walikufa, pamoja na polisi mmoja. Kwetu sisi, vifo hivyo vilianzia kwenye hesabu.

Kioo nacho hupindisha risasi na kuivunja vipande. Kuta ngumu huirudisha: Sydney, Desemba 2014, polisi walifyatua risasi 22 walipovamia mgahawa wa Lindt, na mateka mmoja akauawa na vipande vya risasi zao.

Ujerumani iliunda kikosi maalumu cha polisi cha kuokoa mateka, GSG 9, wiki chache baada ya vifo hivyo vya Munich. Oktoba 18, 1977, mjini Mogadishu, wapatanishi waliwashughulisha watekaji wa ndege ya Lufthansa kwa maneno, askari wa Somalia wakawasha moto mbele ya ndege ili watekaji wakimbilie chumba cha rubani kuutazama, na kikosi kikapanda ngazi na kuingia milangoni. Mateka wote 86 waliokuwamo walitoka hai.

SWALI: Hapa Kenya, ni lazima polisi aonye kwanza? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndiyo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka ajitambulishe, atoe onyo lililo wazi na ampe mtu muda wa kulitii. Lakini onyo huachwa pale ambapo kulitoa kungehatarisha maisha, na mtekaji aliyemwekea mtu bastola kisogoni ni mfano halisi. Hilo halimpi polisi ruhusa ya kufyatua ovyo: kwanza njia nyepesi ziwe hazitoshi. Kila risasi huripotiwa kwa mkubwa wake hata kama haikumjeruhi mtu, na ikiua, mkubwa huyo ataarifu IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, mara moja, hata kama aliyekufa ni mtekaji mwenyewe.