Mtoto wa mkulima na mtaalamu wakiwa mtu mmoja: niliyoyaona kwenye chama chetu cha kahawa

Mleta mada, umeuliza kuna ubaya gani kiongozi akijinadi kuwa ni mtoto wa wanyonge na papo hapo ni mtaalamu asiyetaka siasa, anayefuata takwimu tu. Nimekaa miaka sita kwenye bodi ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Moshi vijijini, na mtu wa namna hiyo nilimpigia kampeni mwenyewe. Nilimwamini.

Alikuja mkutano mkuu na gambuti zenye tope, akaamkia wazee kwa Kichagga, akakaa nao benchi moja. Kisha akafungua kompyuta: bei za mnadani, gharama kwa kilo, na ramani ya mahali pa kujenga mtambo wa kumenya kahawa mbivu. Watu walipiga makofi mpaka basi. Akasema, "Wakulima wanataka mtambo, wataalamu wameshapima, hapa hakuna siasa."

Mama mmoja wa kitongoji cha juu akanyoosha mkono. Mtambo umepangwa chini, barabarani. Yeye anachuma peke yake, anashuka na ndoo kichwani karibu saa nzima, na kahawa mbivu haingoji: ikilala inaanza kuchacha, mpokeaji anaikataa. Kwa nini usijengwe juu, mfongo, yaani mfereji wa maji, unakopita? Akajibiwa wataalamu wameshaamua. Akauliza hao wataalamu walimuuliza nani. Akajibiwa wananchi wameshaamua. Akasimama kidogo, anakunja ncha ya kitenge, akasema, "Kwani mimi si mwananchi?" Akaketi. Mimi nilikuwa meza kuu, nikanyamaza. Makisio ya mtambo yakapita.

Tumezoea kudhani siasa za "wananchi wanasema" na utawala wa wataalamu ni paka na panya. Siku ile niliona zinakula sahani moja. Zote mbili zinadai jibu ni moja tu. Huyu analitoa moyoni mwa wananchi, yule kwenye hesabu. Asiyetakiwa na wote wawili ni yule anayesema: sisi wa juu shida yetu si ya wa chini, tukae tubishane.

Italia imeliishi jambo hili wazi kabisa. Mchekeshaji Beppe Grillo na mtu wa kompyuta, Gianroberto Casaleggio, walianzisha Vuguvugu la Nyota Tano mwaka 2009, kuwapinga wanasiasa wote. Mwaka 2018 likaongoza kwa kura kuliko chama chochote, na waziri mkuu akawa Giuseppe Conte, profesa wa sheria asiyewahi kugombea hata ubunge, aliyejiita wakili wa wananchi. Mwaka 2021 wanachama wa vuguvugu hilo hilo wakapiga kura mtandaoni kukubali kuingia kwenye serikali ya Mario Draghi, aliyekuwa mkuu wa Benki Kuu ya Ulaya. Kura ya wananchi ikamkabidhi mtaalamu usukani. Hata Emmanuel Macron kule Ufaransa, alishinda urais 2017 akiwa na chama cha mwaka mmoja, akisema si wa kulia wala wa kushoto.

Sisemi wataalamu hawana kazi. Miche ya kahawa ya kituo cha utafiti cha Lyamungu, inayohimili chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, imeokoa vihamba (mashamba ya ukoo) vingi huku, na hilo halikupatikana kwa kupiga makofi. Lakini mtaalamu atakupimia maji na mteremko. Nani abebe ndoo hiyo saa nzima, hilo hakuna kipimo chake. Ni la kubishania, tena kwa sauti, na kila mtu ataje upande wake.

Msimu uliofuata nilimwendea yule mama, nikamwomba radhi, tukaandaa hoja pamoja: likodiwe gari la kukusanya kahawa ya juu, lilipwe kwa makato ya wanachama wote. Wa chini walinung'unika, na walikuwa na haki yao, maana fedha inatoka mifukoni mwao. Tulibishana mpaka jua likazama nyuma ya migomba. Tukahesabu mikono mara mbili. Tukapita kwa kura tisa.