Ameng'atuka, amejiuzulu au ametumbuliwa?

SWALI: Juzi vichwa vitatu vya habari viliingia kwenye simu yangu siku moja, vyote kuhusu kiongozi yule yule. Kimoja kilisema "ajiuzulu", cha pili "ang'atuka", cha tatu "atumbuliwa". Je, maneno haya ni mamoja? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Si mamoja, ndugu yangu, na umefanya vyema kushtuka. Kila neno hapo linamtaja mwamuzi tofauti, na msomaji ana haki ya kujua nani aliamua.

"Kujiuzulu" kumejengwa juu ya "uzulu", neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake kumwondoa mtu katika cheo. Rais akimuuzulu waziri, kamwondoa. Waziri akijiuzulu, kajiondoa, na ile "ji" ndiyo iliyobeba uamuzi wote. Ndiyo maana "amejiuzulu mwenyewe" ni kurudia jambo. Neno hili halisemi kama kulikuwa na shinikizo. Edward Lowassa aliacha uwaziri mkuu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa mkataba tata wa umeme wa dharura. Alikuwa amebanwa, naam, lakini barua ilikuwa yake, kwa hiyo alijiuzulu.

"Kung'atuka" ni jambo jingine, na ndilo ninaloliona likidhulumiwa zaidi. Neno hili tumelipata kwa Mwalimu Nyerere, aliyelitoa katika Kizanaki, lugha ya kwao. Aling'atuka urais mwaka 1985, kisha uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Hakuna aliyemfukuza, na angetaka kuendelea angeendelea. Aliona wakati wa kupisha wengine umefika. Uzito wa neno uko hapo. Ukimwandikia "ameng'atuka" mtu aliyekimbia kashfa, umemvika joho la mwingine.

Kenya neno hili limepanuka. Katika maandamano ya 2024, wito wa kumtaka rais aondoke uliripotiwa kwa "ang'atuke", na huko utasikia pia "kumng'atua" mtu. Siwalaumu, kwani Kiswahili ni chao pia, na muundo wenyewe ni halali kabisa: ng'oka na ng'oa, banduka na bandua. Hata hivyo, kwa anayeondolewa kwa nguvu ya kura, mimi napenda zaidi "kubanduliwa", linalotumika huko huko. Seneti ilipomwondoa naibu rais Rigathi Gachagua Oktoba 2024, neno hilo lilifaa sana: kinachobanduliwa ni kitu kilichogandamana, kama plasta juu ya kidonda, na hakitoki bila mtu wa kukivuta.

"Kutumbuliwa" tunalijua lilikotoka. John Magufuli alipolihutubia Bunge Novemba 2015 aliahidi kutumbua majipu, na tangu hapo kila aliyefukuzwa kazi "katumbuliwa". Lakini anayetumbuliwa ni jipu, yaani mtu ameshahukumiwa kuwa usaha. Kwenye habari ya mtu ambaye hata tuhuma hazijatajwa, neno hilo ni kali mno.

Taarifa za Ikulu husema "Rais ametengua uteuzi wa fulani", na zinasema sawasawa. Kutengua ni kukifungua kilichokuwa kimefungika: udhu hutenguka, kiungo cha mguu hutenguka, hukumu ya mahakama ya chini hutenguliwa na ya juu. Kinachotenguliwa ni uteuzi. "Mkuu wa wilaya ametenguliwa" ni mkato wa mtaani ambao umezoeleka, ila katika maandishi rasmi ningeandika "uteuzi wake umetenguliwa".

Turudi kwenye simu yako. Kama kiongozi yule aliandika barua, kichwa cha kwanza ndicho sahihi. Kama barua ilitoka kwa aliyemteua, vyote vitatu vimekosea, na "uteuzi watenguliwa" ungetosha. Na kama mwandishi hakujua barua ni ya nani, alikuwa na "aondoka madarakani".