Mwanangu, ile redio ilikuwa ikicheka

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Hapa Ngamiani sote wazima, mama yako anakusalimu.

Umeniuliza: watu waliokaa benchi moja kanisani huko Rwanda walifikaje kuuana kwa maneno ya redio?

Wajua mwaka 1994 nilikuwa utingo kwenye lori lililotoa mahindi hapa Tanga kupeleka kambi ya wakimbizi ya Benaco, Ngara. Mwishoni mwa Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa siku moja. Kijana mmoja aliyejua Kiswahili alitusaidia kushusha magunia, nikamwuliza swali lako hilohilo. Uso ulimchangamka. Akanisimulia RTLM, redio iliyoanza Julai 1993: muziki mtamu, watangazaji wenye maneno ya kijiweni, utani mwingi. "Ilikuwa redio yetu," aliniambia. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilidhani chuki huja ikinguruma, kumbe hiyo ilikuja ikicheka, na Wahutu walipokwisha kuizoea, jirani yao Mtutsi akaitwa mende, kumwua kukaitwa kazi. Mkulima anaambiwa ashike panga aende kazini! Neno hilo amelijua tangu utoto.

Si redio peke yake, usije ukadanganyika. Vita vya serikali ya Wahutu na waasi wa Kitutsi vilikuwa vimeanza Oktoba 1990, hofu ilikuwa ya kweli, na viongozi wa serikali walisimamia wenyewe mauaji.

Na dini ilivalishwa vazi hilohilo. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha Amri Kumi za Wahutu. Kumi, mwanangu, kwa watu waliofundishwa tangu wadogo kwamba amri haina mjadala. Ya nane iliwataka waache kuwahurumia Watutsi. Huruma yenyewe ikageuzwa dhambi! Kule Nyange watu walikimbilia kanisani, likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wao, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha mwaka 2008. Mhariri wa Kangura na waasisi wawili wa RTLM walikuwa wametiwa hatiani hapohapo mwaka 2003.

Wapo waliokataa, wakaficha majirani zao darini. Nao waliisikia redio ileile.

Yule kijana alipobeba gunia la mwisho alianza kuimba wimbo alioupenda wa redio ile. Alikuwa na sauti nzuri. Sikumwuliza mikono yake ilifanya nini kabla ya kuvuka daraja, na mpaka leo najilaumu.

Baba yako