Wenzo mmoja, nyenzo mbili

SWALI: Mwalimu, nakuandikia kutoka Nakuru. Kijana wangu na wenzake wameunda kwa mbao mashine ya kale ya kurushia mawe, ya kupeleka kwenye maonyesho ya sayansi shuleni. Kwenye bango wameandika: "Nyenzo hii inaitwa manati na ilitumiwa na Warumi." Mwalimu mmoja anasema manati ni ya watoto wa kuwinda ndege, waandike kombeo. Mwingine anasema waache ilivyo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mzazi mwenzangu, walimu hao wanagombania dirisha na mwizi ameshapita mlangoni. Soma tena maneno mawili ya kwanza ya bango. Nyenzo hii. Manati nitaifikia, lakini kwanza niruhusu nimalizane na hiyo "hii", maana nimeivumilia muda mrefu.

Kitu kimoja huitwa wenzo. Vikiwa viwili au mia, ni nyenzo. Wenzo huu, nyenzo hizi. Wenzo umevunjika, nyenzo zimevunjika. Ni ngeli ya U-ZI, ileile ya wembe na nyembe, ufa na nyufa, uzi na nyuzi, ambayo mtoto wa shule ya msingi huimba bila kukwama. Hakuna kinyozi, awe wa Kondele au wa Kakamega, atakayekuambia "nyembe hii imekuwa butu". Lakini mpe mtu huyohuyo kipaza sauti, atasema "nyenzo hii" na "nyimbo hii" bila hata kumeza mate. Watangazaji wa redio wana sehemu yao katika dhambi hiyo ya pili. Ya kwanza naiweka mlangoni kwa watu wa semina.

Asili yake haina makuu: neno linaonekana kuwa jamaa ya "enda", kupitia umbo la zamani "enza", yaani kufanya kitu kiende. Ni gogo la kuviringishia chombo kizito, au mti wa kuinulia jiwe. Ukitaka kuuona wenzo kwa macho yako, simama Salgaa lori likipata pancha. Utingo anapachika spana kwenye nati ya gurudumu, anaivuta, nati haitikisiki. Anapanda juu ya spana na kuikanyaga kwa uzito wake wote, nati inamkodolea macho. Kisha dereva anamrushia kipande cha paipu, anakivisha kwenye mkono wa spana, anakamata mwisho kabisa na kuvuta kwa utulivu. Nati inalia, inaachia. Misuli yake haikuongezeka hata kidogo. Mkono ulirefuka, na ukirefuka mara mbili, nguvu inayohitajika inapungua kwa nusu. Paipu ile na spana yake ndio wenzo. Mmoja.

Sasa njoo nami Kisumu, kwenye ukumbi wa hoteli wenye madirisha ya kutazama ziwa. Mwezeshaji ameinua karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, maswali ishirini ya kuwauliza wakulima. "Nyenzo hii," anasema, "itatusaidia kukusanya maoni." Imeinua nini, ndugu yangu? Imesogeza gogo gani? Ile ni hojaji, na kama hojaji ni neno zito, ni karatasi ya maswali. Kabla ya chai ya saa nne programu ya simu imekuwa nyenzo, gari la ofisi limekuwa nyenzo, na mtu wa fedha ametangaza kwamba "nyenzo haitoshi", akimaanisha pesa zimekwisha. Si aseme pesa zimekwisha! Sote tunalijua neno hilo, na wengine tumeliishi. Baada ya chakula cha mchana, shibe ikiwa imefanya kazi yake, mshiriki mmoja akasimama na kuzungumzia "manyenzo". Wingi juu ya wingi. Sikuuliza swali, nilitoka nje nikaangalia maji.

Wala sikatazi tamathali. Mwalimu anayesema "nyenzo za kufundishia" anasema vizuri: chati, ramani na vibao vinamwinulia mzigo, navyo ni vingi. Maana hiyo imekomaa na siiwezi tena. Atakayenifungulia kamusi inayolipa neno hili ngeli ya I-ZI nitampisha apite, kwa kuwa nimezeeka na njia ni nyembamba. Ila asinitake niandike hivyo.

Kinachonichekesha kwenye bango la kijana wako ni kwamba, baada ya hojaji na magari yote hayo, hatimaye mtu amelitumia neno kwa kitu ambacho ni wenzo kweli, mti mrefu juu ya egemeo, halafu akaliandika kwa wingi!

Manati, basi. Manati ni panda ya mti, mipira miwili ya tyubu na kipande cha ngozi. Hakuna mkono unaozunguka juu ya egemeo. Nguvu yote imo katika mpira uliovutwa, na mpira wa namna hiyo, usiolainika kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, ni mambo ya juzi: Charles Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844. Mrumi angeitoa wapi manati? Kombeo, au teo, ni kitu kingine tena: kamba mbili na kikoba, unazungusha kisha unaachia ncha moja. Ndiyo silaha ya Daudi, na ndiyo ya kuamia ndege shambani. Kwa hiyo yule mwalimu wa kombeo amekosea pia, ingawa kwa heshima zaidi, kama utakavyoona.

Muulize kijana mashine yao inaendeshwa na nini. Kama mkono umechomekwa katikati ya kamba zilizosokotwa zikakazwa, hapo Warumi wanahusika. Walisokota mishipa ya wanyama na nywele, wakavuta mkono mmoja chini, wakauachia. Waliuita onager, punda mwitu, kwa jinsi ulivyopiga teke. Ammianus Marcellinus aliueleza katika karne ya 4 BK. Hawakuwa wa kwanza kutengeneza mitambo ya kurushia silaha, maana Wagiriki wa Syracuse walikuwa na yao tangu 399 KK.

Lakini kama upande mmoja kuna sanduku la mawe, wafute Warumi. Mashine ya namna hiyo ilizaliwa China kabla ya Kristo, ikivutwa kwa kamba na kundi la watu. Sanduku la uzito likachukua nafasi ya watu hao karibu karne ya 12, na Warabu waliiita manjaniq. Kanuni yake ni ya paipu ya Salgaa iliyogeuzwa kichwa chini. Utingo hutembeza mkono mrefu ili ncha fupi ipate nguvu. Huku uzito wa tani kadhaa huangukia upande mfupi ili ncha ndefu ipate mwendo. Upande mrefu ukiwa mara tano ya mfupi, ncha yake hukimbia mara tano zaidi. Mwishoni mwa mti huo hufungwa nini? Kombeo! Linafyatuka na kuongeza mwendo, mpaka pete ya kamba ichomoke kwenye ndoano. Ndipo mwalimu wetu anapopata nusu alama, kwani kombeo limo, ila ni kiungo tu.

Mwaka 1304, alipoizingira ngome ya Stirling huko Uskoti, Edward I wa Uingereza aliamuru mapaa ya makanisa yabanduliwe madini ya risasi ya kutilia uzito mitambo hiyo. Mkubwa kuliko yote uliitwa Warwolf. Waliokuwa ngomeni walipotaka kusalimu amri, mfalme alikataa mpaka kwanza aujaribu. Ningekuwa na mtambo kama huo ningeupeleka ukumbini Kisumu.

Waandike hivi, kama ni ya kamba zilizosokotwa: "Mtambo huu wa kurushia mawe hutumia wenzo na ulitumiwa na Warumi." Kama ni ya sanduku, waishie kwenye "wenzo". Wakiona jina ni refu, waite manjaniki, sitawafuata. Na wakishikilia manati kwa kuwa wageni wataielewa upesi, waongeze "ya kivita" nami nitageuza uso upande wa pili. Kwenye "nyenzo hii" sigeuzi.