Kabla hujaandika "maji yanapotea" chini ya picha

Wiki hii nimepitia picha za vijana watatu waliotoka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na wote wamerudia kosa lililowahi kuninyima usingizi: kuandika kwamba maji yanapotea bila kuuliza yanakwenda wapi. Wadogo zangu, nawapenda na mna macho makali, lakini kabla hamjapanda gari tena, someni haya.

1. Ardhi iliyopasuka ya Chalbi, jangwa la kule Marsabit, si ushahidi wa ukame. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Mvua ikinyesha, maji hutuama pale, yakakauka, yakaacha chumvi na nyufa, uwe mwaka wa neema au wa njaa. Mvua zilipogoma misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, nyufa zile zilikuwepo tayari. Ukitaka kuonyesha ukame, piga picha ya foleni ya maji.

2. Lenzi badilishieni ndani ya gari, vioo vimefungwa. Vumbi la kule lina chumvi.

3. Fikeni kisimani kabla hakujapambazuka. Mitungi ndiyo inayopanga foleni, wenyewe wamekaa kando, na kila mtungi una alama yake: huu una kitambaa chekundu mpinini, ule umepasuka ukashonwa kwa uzi wa gunia. Fremu moja ya alama hizo inaeleza mengi kuliko nyuso kumi za huzuni.

4. Hili linaniuma mpaka leo. Kilikuwa kijiji kimoja ukingoni mwa Chalbi, kisima cha pampu ya sola na kioski mbele yake. Mama mmoja aliinama, akatikisa mtungi wa njano wa lita 20, kisha akaumimina chini. Nilikuwa na lenzi ya milimita 200, shata 1/2000, jua liko nyuma yake. Maji yakatanda hewani kama pazia la vioo. Kwenye kepsheni nikaandika kwamba maji yanamwagwa huku mifugo ikifa kwa kiu. Gazeti likaipa nusu ukurasa, nami nikapokea pongezi.

Miezi miwili baadaye nilirudi. Mwenyekiti wa kamati ya maji akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Kwa sababu ya picha ile, mama yule alikuwa ametozwa faini, na kwa mwezi mzima mtungi wake ukawekwa mwisho wa foleni. Mwisho wa foleni kule ni kurudi nyumbani usiku, au kurudi na mtungi mtupu.

Mama akaitwa. Hakugomba. Alikuja na mtungi uleule, akatia konzi moja ya changarawe na kikombe kimoja cha maji, akautikisa mpaka jasho likamtoka, akaumimina miguuni pangu. Yalitoka maji ya kijani yenye vipande vya utando. "Usipousugua hivi, watoto wanaharisha," akaniambia. "Hiki ndicho ulichopiga, mwanangu." Kikombe kimoja! Lenzi yangu na kepsheni yangu ndivyo vilivyokifanya mafuriko.

Na fremu za kabla ya hapo ninazo. Kwenye kadi ya kamera anaonekana wazi akichota changarawe. Niliziona usiku ule nikichagua picha, nikazipita kwa kuwa pazia lilikuwa zuri mno. Kibaya zaidi, asubuhi ileile nyuma ya mgongo wangu tangi lilikuwa limejaa, koki ya kulifunga imekufa, na maji yanateremka ukutani kuingia mchangani tangu alfajiri. Sikulipiga, kwa sababu mwanga ulikuwa bapa na hapakuwa na mtu. Gazeti lilisahihisha kwa mistari minne, ukurasa wa ndani. Faini ya mama nilimrudishia. Mwezi wake wa foleni sikuwa na namna ya kuurudisha.

5. Kwa hiyo ulizeni: maji haya yakitoka hapa yanakwenda wapi? Yanayofurika yanaweza kuwa yanaishia kwenye birika la mbuzi, na hapo hayajapotea. Upotevu mkubwa hauna sura. Ripoti za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji Kenya, zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji ya kampuni za maji nchini hayaingizi malipo, na sehemu yake ni mabomba yanayovuja. Tafuteni mstari wa majani mabichi jangwani pasipo na sababu: huenda chini yake kuna bomba linalovuja. Tafuteni ukuta wa tangi wenye ukoga.

6. Kwenye visima vya kuimba vya Waborana, wafugaji wa kule, kamera ibaki begini mpaka uzungumze na aba herega, mzee anayepanga zamu za kunywesha. Wanaume wamejipanga ngazi kwa ngazi, ndoo zinapaa kwa mdundo wa wimbo, na mara nyingi wamevua nguo. Akikataa, kaa usikilize. Akikubali, usiende kukodolea matone yanayoruka kutoka kwenye ndoo. Ngamia mmoja anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja, na hao vijana wanazipandisha zote kwa mikono.

7. Kepsheni iwe na bei ya mtungi, saa aliyofika mwenye mtungi na saa aliyoondoka.

Gari linaondoka Jumatatu saa kumi alfajiri. Mkirudi, nileteeni kadi nzima, si zile kumi mlizochagua. Nataka kuona fremu za kabla na za baada.