Shida Si Kupanda, ni Kushuka

Swali lenu la wiki, kama kupanda mlima pamoja kunaweza kuleta kuaminiana kati ya polisi na vijana, limenigusa. Lakini kupanda ni rahisi. Kila mtu bado ana nguvu na anajionyesha. Mimi ningeuliza kuhusu kushuka, na ni polisi gani amepelekwa.

Tuchukue Longonot, mlima wa volkano ulio Bonde la Ufa, Kenya. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3, kuuzunguka ni 7 na kidogo, kisha mrudi chini. Njiani hakuna maji, hivyo kila mtu abebe lita 3. Kosa la kawaida huanzia Nairobi: polisi gari lao, vijana lao. Hao wakifika langoni ni kambi mbili, na mlima hauwachanganyi.

Safari moja, baada ya Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa ya ukingo huo, afisa mmoja aliyemaliza maji mapema alibanwa na misuli ya shavu la mguu, akaketi vumbini. Wenzake walikuwa wametangulia. Kijana aliyekuwa nyuma yake, ambaye hakuwa amemsemesha tangu asubuhi, alipiga goti, akafungua kamba za buti, akashika kisigino kwa mkono mmoja na kwa mwingine akasukuma vidole kuelekea gotini.

"Afande, nyoosha mguu. Usiukaze."

"Polepole, kijana."

Sekunde 30, akaachilia, akarudia mara tatu. Akatia chumvi kidogo kwenye chupa yake mwenyewe, akampa anywe kwa mafunda madogo. Kisha akamwonyesha jinsi ya kushuka kwenye lile vumbi la volkano: kisigino kwanza, magoti yalegee, hatua fupi, usijizuie kwa vidole maana ndipo watu huteleza. Walishuka hivyo hadi chini. Afisa alimwuliza jina, na safari hii halikuwa la kuandikwa OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi.

Nilianza nikitaka kujibu hapana. Aliyeshuhudia Juni 2024, polisi walipowapiga risasi vijana walioandamana, asiambiwe apande mlima asahau. Kesi ziende mahakamani, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ifanye kazi yake. Hilo silibadilishi. Ila nimejikuta nasema ndiyo, kwa masharti: polisi watoke kituo cha mtaa huohuo, wale wa doria ya usiku hasa, bila sare wala bunduki, na wapangwe wawili wawili, afisa na kijana, kabla ya kupanda basi. Safari zisipungue tatu. Na afisa akihamishwa, mwanze upya na aliyechukua nafasi yake.