Haihati Imeingia Kwenye Snea? Usikimbilie Geti

Juzi msomaji kaniandikia, karekodi bendi laivu chumba kimoja, sasa kila akipandisha sauti ya snea, ile ngoma kali ya katikati, na haihati, zile simbali mbili za kanyagio, nayo inapanda, anauliza aweke geti gani, yaani kile kifaa kinachozima sauti ndogo. Ndugu yangu, nimepita hapohapo na mpaka leo inaniuma.

Kuna bendi iliniamini na albamu yao. Nikawapanga wote chumba kimoja, ampu ya gitaa inatazama drams, mwimbaji mita mbili tu toka kwenye simbali na maiki yake iko wazi muda wote. Siku hiyo raha tupu. Kwenye mikisi sasa, kuchanganya sauti, mwimbaji alikosea mstari mmoja, nikamwita akaurudia, kumbe ule wa zamani bado umo kwenye ovahedi, zile maiki za juu ya drams, unasikika kwa mbali chini ya mpya. Snea nikaipiga geti, vile vipigo laini vya katikati vyote vikakatika, na kila geti ikifunguka haihati hiyo inaingia. Nikaweka kompresa, ndo nikamaliza kabisa, maana kompresa inabana vikubwa na ukirudisha sauti juu vidogo vinapanda, na vidogo vyenyewe ndo hivyo vilivyovuja. Bendi ikaenda kurekodi upya kwingine. Hawakuniambia, nilisikia kwa watu.

Basi nisikilize. Maiki ya kadioidi kama Shure SM57 haisikii vizuri mgongoni, kwa hiyo mgongo wake upe haihati, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Hipakadioidi, ile inayosikia mbele kwa upana mdogo zaidi, uziwi wake hauko nyuma kabisa, uko kama digrii 110 toka mbele, vaa hedifoni uizungushe taratibu mpaka haihati ipungue. Ampu itoe chumba cha pili, besi ichomeke moja kwa moja bila ampu, mwimbaji aimbe sauti ya kuongozea wenzake tu, huko nje. Ovahedi zipime kwa kamba, zote umbali sawa toka katikati ya snea, sauti inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja kwa hiyo kosa dogo tu inafika maiki hizo kwa nyakati tofauti na snea inakonda. Kisha geuza fezi ya maiki moja moja, yaani wimbi lake la juu liwe chini, ubaki na ile inayonenepesha.

Na mpiga drams mwambie! Haihati apunguze mkono, snea aipige kwelikweli. Wengi wenu mnaogopa kumwambia halafu mnahangaika na plagini usiku kucha, acheni hiyo tabia. Mwezi uliopita nilimwambia mmoja, kanuna kidogo, akainua haihati vidole vinne akapiga tena, na ile snea sikuiwekea geti hata moja.